Kopo la Biskuti la Babu Douwe

Kila Jumatano shule ilipofungwa adhuhuri, Jeltje alipita nyumbani, akafunga sufuria ya supu ya njegere kwenye kikapu cha baiskeli, akaendesha kando ya mfereji hadi kwa babu yake. Upepo ulimpiga usoni wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, kwa namna ambayo hakuwahi kuielewa, ulimpiga usoni vilevile.

Babu Douwe alikuwa amekamua ng'ombe miaka arobaini na tano. Mkewe, Bibi Aukje, alifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo Babu aliongea kidogo, akala kidogo, na kabati la vikombe lilimshinda: kila siku alitoa vikombe viwili vya kahawa, akakitazama cha pili, akakisuuza ingawa kilikuwa safi, akakirudisha.

"Chukua biskuti," alimwambia Jeltje, akisogeza kopo.

Zamani alisema "Moja tu!" na kifuniko kikarudi puu! kabla hujaanza kutafuna. Biskuti moja kwa kikombe kimoja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Bibi peke yake ndiye aliyeivunja. Babu akigeuka kuchukua maziwa, Bibi alikwisha chopoa ya pili, anatafuna huku akitazama dirishani kama hahusiki. Siku hizi Babu hakulifunga kopo. Lilikaa wazi mezani mpaka biskuti zikalegea.

Jeltje alitamani kusema neno. Hakujua aseme nini. Akasema, "Leo baridi, Babu."

"Baridi kweli," Babu akajibu.

Zilibaki siku saba kufika tarehe tano Desemba, siku ya Sinta, mzee mwenye ndevu nyeupe anayeleta zawadi. Kwao walipiga kura ya majina, kila mtu akamwandalia aliyemwokota kifurushi chenye shairi. Shairi lilikuwa na masharti yake. Sharti liwe na vina, limtanie mtu kwa mambo aliyoyafanya mwaka ule, na litiwe sahihi ya Sinta, ili mwandishi asijulikane. Mwenye kifurushi ndiye anayelisoma kwa sauti, mbele ya wote, kabla ya kugusa zawadi.

Jeltje alikuwa ameokota jina la Babu. Na mwaka ule Babu alikuwa amepatwa na jambo moja tu.

"Pole sana, mshairi," alicheka dada yake Hiske, mwenye miaka kumi na sita. "Mimi nimempata Mama. Yeye hutanika bila kutafuta."

Jeltje alitoa daftari la shule. Mwalimu wao, Bi. Postma, alikuwa amewafundisha tashbihi, sitiari, tashihisi na takriri. Jeltje alizitia zote. Moyo wa Babu ukawa bahari ya machozi, huzuni yake ikawa kama mlima mrefu, na mwezi ukalia, ukalia, ukalia. Jioni alimpelekea mama yake, aliyekuwa akikunja nguo.

Mama alisoma akiwa amesimama. "Mlima?" akauliza. "Babu yako mlima ameuona wapi katika nchi hii tambarare? Kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kupanda ni tingatinga la jirani."

"Ni tashbihi, Mama!"

"Najua ni tashbihi. Nami nilisoma. Lakini hii inaweza kuwa ya babu wa mtu yeyote. Wa kwetu yuko wapi humu?"

Jeltje alilichana shairi, akaandika jingine, akalichana. Siku ya tatu alikuwa bado na karatasi tupu. Kila neno lililomjia ama lilikuwa dogo mno, ama lilimfanya alie. Siku ya tano alifungua kompyuta. Kulikuwa na tovuti inayokutungia shairi la Sinta: unajaza jina, umri na mambo anayoyapenda mtu, unabonyeza, linatoka. Likatoka. "Babu Douwe ni mtu wa furaha, anapenda kahawa na mzaha." Jeltje alilinakili kwa mwandiko mzuri, akalifunga pamoja na soksi za sufu.

"Umemaliza?" Mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Umetunga mwenyewe?"

"Ndiyo, mwenyewe," alisema Jeltje, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Jumatano, tarehe tano yenyewe, alipeleka supu kama kawaida. Babu alikuwa amevaa shati la sikukuu, lakini amekaa tu, mikono magotini.

"Nilitaka nisije," alisema. "Mama yako angenifuata na kunibeba kama gunia la viazi, kwa hiyo nitakuja. Unajua, Jeltje, watu wote wananizunguka kama mimi ni ng'ombe mgonjwa. Wananiuliza hali ya hewa. Tangu mwezi wa tatu ni hali ya hewa tu! Hakuna anayelitaja jina la Aukje." Akasugua goti. "Lakini Sinta haogopi mtu. Labda Sinta atamtaja."

Jeltje alihisi uso ukimwaka. Alikuwa akifikiria furaha na mzaha, kwa mwandiko wake mzuri, ndani ya kifurushi chenye soksi. Aliaga upesi, akaendesha baiskeli mpaka kifua kikamuuma. Alimkuta Mama jikoni akimenya viazi.

"Mama, sikulitunga. Nilinakili kwenye kompyuta. Na Babu anataka Bibi atajwe, na mimi siwezi, sijui, siwezi kabisa!"

Mama hakumkumbatia. Alikata kiazi vipande viwili, akavitupa majini. "Ulinidanganya. Hilo tutalizungumza kesho, na hutalipenda. Sasa ni saa nane, na Babu anafika saa kumi na moja."

"Niandikie wewe."

"Siandiki. Unadhani mimi naweza? Mwezi wa tatu nilikaa na karatasi ya maneno ya mazishi usiku kucha, nikaishia kuandika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa." Akachukua kiazi kingine. "Niambie tu ulichokiona pale kwake. Kitu ulichokiona kwa macho."

Jeltje alifuta pua. "Kopo la biskuti. Babu halifungi tena. Linakaa wazi tu, na hakuna wa kuiba."

Kisu cha Mama kilisimama.

"Nenda kaandike hilo," alisema. "Usiongeze mwezi."

Saa kumi na mbili walikuwa wameketi sebuleni. Hiske alikuwa amemchanachana Mama kwa beti nane kuhusu tabia yake ya kuzima taa za watu, wenyewe wakiwa bado chumbani, na kila mtu alikuwa amecheka. Kisha Babu akapewa kifurushi chake. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya kuita ng'ombe:

"Babu Douwe wa kahawa,
moja moja akigawa;
'Moja tu!' husema, puu!
Kifuniko chaja juu."

"Kweli kabisa!" alipiga kelele Hiske. Babu akatabasamu, akaendelea.

"Mwizi wetu alikuwa
hachoki kulifungua;
Babu kageuka nyuma,
ya pili kashaichuma."

Sauti ikashuka. Hakuna aliyecheka sasa.

"Sasa kopo liko wazi,
limeikosa na kazi;
lasubiri, lasubiri,
lakaa likifikiri.

Biskuti zote zimo,
mwizi tu ndiye hayumo."

Babu alivua miwani. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni naye hakuyafuta. Jeltje alitamani zulia limmeze. Alitaka kumwomba radhi, kulirudisha shairi, na asingeweza kufanya lolote kati ya hayo.

"Aukje," Babu alisema. "Mwizi mkubwa yule. Miaka hamsini na moja!" Kisha akamwambia Mama, "Lete kopo lenu."

Mama alilileta. Babu alilifungua, akaliweka mbele ya Jeltje. "Moja tu!" akasema kwa ukali, halafu akageuka, akatazama dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jeltje alichukua moja. Kisha akachukua ya pili.

Puu!

Baadaye, wakiosha vyombo, Hiske aliuliza kama kopo linalofikiri si ile tashihisi ya Bi. Postma, na "lasubiri, lasubiri" si takriri.

"Ndizo," alisema Jeltje kwa mshangao. "Sikukumbuka hata kuzitia."

"Kwa sababu safari hii ulianza na macho," alisema Mama, akimpa sahani aikaushe. "Umesema kopo, sisi tukamwona Bibi. Ndiyo kazi ya mshairi. Mashine haikuwahi kukaa kwenye meza ile, itajuaje? Na usijidanganye, hujamponya Babu. Jumatano atatoa vikombe viwili tena. Huna la kufanya kwa hilo, wala mimi sina. Lakini mambo ya kweli yanastahili ukweli, hata ukiwa mgumu kuandika."

Akafunga bomba.

"Na kesho, baada ya shule, tutazungumza juu ya ule uongo."