Kaka Yangu Aliyechelewa Kurefuka

Kwetu Wirrimbah, Alhamisi ni siku ya mazoezi. Trekta zinazimwa mapema, kondoo wanafungiwa, na kila mwenye miguu anakwenda uwanjani. Wenye magoti mabovu, kama baba yangu, wanakwenda kuwafokea wenye mazima. Baba ndiye kocha.

Mpira wetu una umbo la yai. Tunaupiga kwa mguu, tunaurusha kwa ngumi, na anayeudaka hewani anapewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Kwa sababu hiyo Baba, Garth Noske, alipenda vijana warefu kuliko alivyopenda ngano yake. Kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo alichora mstari mwekundu. Kijana wa miaka kumi na mitano asiyeufikia aliambiwa, "Nenda nyumbani ukale, mwanangu." Wengi walikwenda kula. Hawakurudi.

Mmoja wao alikuwa kaka yangu Rohan. Alifukuzwa mbele ya wenzake wote, na baba yake mwenyewe. Siku hiyo alirudi nyumbani, akavitupa viatu vya mpira juu ya kabati, akasema hakanyagi tena uwanja ule.

Ikapita miaka sita, Rohan akafika ishirini na mmoja. Ni mkata manyoya ya kondoo. Akiingia jikoni anainama, la sivyo anaacha paji la uso mlangoni. Lakini nyumbani kwetu neno la Baba likishatoka huwa halirudi. Rohan si mchezaji, basi. Hata angerefuka akafika kwenye paa la ghala la ngano, bado asingekuwa mchezaji.

Mwaka ule timu ilipungukiwa. Vijana wengine walihamia mjini, wengine migodini. Kiwanjani wanatakiwa wachezaji kumi na wanane, sisi tulikuwa na kumi na watano, na mmoja wao alikuwa mchungaji wa kanisa mwenye pumu. Viongozi wa ligi wakatuambia wazi: msipojaza timu kabla ya mchezo wa kwanza, mtaunganishwa na timu ya Boolcarra.

Boolcarra! Watu wanaoshangilia kwa honi za magari hata mpira ukipita nje ya milingoti ya goli!

Baba akazunguka na gari wiki nzima akitafuta watu warefu. Akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Jikoni alimkuta Mama akinywa chai na jirani yetu, Bronwyn Tully, nami nikiwa mezani. Bronwyn anatibu viungo na misuli katika hospitali ya wilaya. Zamani alifanya kazi na timu za vijana mjini.

"Hakuna," Baba alisema. "Warefu wote wamekwisha nchi hii."

Wakati huohuo Rohan akaingia, akainama mlangoni, akachukua kipande cha nyama kwenye sufuria, akainama tena, akatoka.

Bronwyn akamtazama Baba. "Garth, macho yako yanaona vizuri?"

"Huyo? Huyo si mchezaji. Alipimwa."

"Alipimwa lini?"

"Akiwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa kama kuku wa Krismasi aliyesahauliwa kulishwa."

"Sasa jirani, mwaka gani uliona miili ya watoto wote ikikua kwa wakati mmoja?" Bronwyn akaweka kikombe chini. "Mmoja anaanza kurefuka kwa kasi akiwa na miaka kumi na miwili. Mwingine anasubiri mpaka kumi na sita. Wote wazima. Yule wa mapema anawasukuma wenzake, mnasema ana kipaji. Wa nyuma mnasema hafai. Miaka minne baadaye wamelingana, au yule mdogo amempita mwenzake. Lakini ninyi mlishamfukuza."

"Tungejuaje kwamba atakua?"

"Lorraine," Bronwyn alimgeukia Mama, "viatu vya Rohan vilikuwaje wakati ule?"

Mama akacheka. "Usiniulize! Nilikuwa nanunua viatu kila nikigeuka. Mwili mdogo, miguu kama ya bata."

"Basi mwili ulikuwa unawaambia. Nyayo hutangulia. Halafu miguu inarefuka, kiwiliwili kinafuata, na nguvu za misuli zinakuja mwisho. Jambo jingine, tazama wazazi. Garth, wewe ulikuwa na urefu gani ulipokuwa na umri huo?"

Baba akakohoa. Akaanza kutafuta sukari, na yeye huwa hanywi chai ya sukari.

"Mwambie," Mama akasema. "Mara ya kwanza tulipocheza dansi nywele zako zilikuwa zinanitekenya kidevu!"

"Lakini ulicheza mpira," Bronwyn akasema. "Nimeona picha yako klabuni."

"Wakati wetu wavulana walikuwa wachache," Baba akajibu polepole. "Hakuna aliyefukuzwa. Tungempata wapi mwingine?"

Nilimwona akilielewa jambo lenyewe, na halikumpendeza kabisa.

"Uliachwa ucheze, ukakua," Bronwyn akasema. "Na mtoto mdogo hawezi kusukumana na majitu. Kwa hiyo anajifunza mbinu. Anapiga kwa miguu yote miwili. Anajua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka. Akija kupata na urefu, utamfanya nini?"

"Rohan anapiga mpira nyuma ya banda la kondoo kila Jumamosi mkiwa hampo," nikasema. "Kwa miguu yote miwili. Alinipa hela nisiseme, lakini zimekwisha."

Baba akatoka kwenda bandani. Mimi nikatoka nyuma yake, kwa sababu sijafundishwa adabu.

"Timu inakuhitaji," Baba alisema.

Rohan hakuzima mashine ya kukatia manyoya. Alimaliza kondoo wake, akamwachia, ndipo akainua kichwa. "Unanihitaji kwa sababu huna mtu."

"Ndiyo. Na kwa sababu nilikosea."

"Mzee, mbona sasa unanong'ona? Ulinifukuza kila mtu akisikia. Ukinitaka, niite vilevile."

Baba akarudi nyumbani.

Alhamisi baada ya mazoezi klabu nzima hula pamoja. Siku ile kulikuwa na soseji na viazi vya kuponda. Rohan alikuja, akakaa karibu na mlango kama mtu anayeweza kuondoka. Baba akasimama. Watu wakadhani anataka chumvi.

"Rohan," akasema kwa sauti yake ya kiwanjani. "Miaka sita iliyopita nilikufukuza mbele ya hawa. Nilipima kimo chako, nikadhani nimekupima wewe. Nilikosea. Nakuomba uichezee Wirrimbah."

Hata mchungaji aliacha kukohoa.

Rohan akatafuna. Akameza. "Naweza kumaliza viazi kwanza?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Baba alikaa, akajipangusa macho, akadai ni haradali.

Kesho yake alikwenda kwa wengine aliowafukuza. Aliwapata Wade, dereva wa lori la nafaka, na Corin, mwoka mikate. Bronwyn akamwonya: "Usiwaue. Hawajakimbia siku nyingi. Waanze taratibu." Walianza taratibu, na bado Corin alitapika keki mbili.

Mchezo wa kwanza tuliingia watu kumi na wanane, kwa hiyo hatukuunganishwa na mtu. Tulifungwa vibaya. Wa pili tukafungwa kidogo. Katikati ya majira ya baridi wakaja Boolcarra.

Dakika za mwisho mpira uliruka juu sana mbele ya milingoti. Mabeki wao watatu walikuwa bado wanatafuta utaangukia wapi. Rohan alikuwa amekwisha fika. Akaruka, akaudaka juu ya vichwa vyao, akaupiga kwa mguu wa kushoto katikati kabisa. Magari yote ya Wirrimbah yakapiga honi, na safari hii honi zilikuwa na haki. Tukashinda.

Siku hizi ule mstari mwekundu haupo. Baba aliukwangua mwenyewe. Bronwyn huja kila baada ya miezi mitatu kuwapima vijana, wakisimama na wakiketi, ili makocha wajue nani bado anarefuka. Anayeumwa magoti au visigino kwa sababu ya kukua anapumzishwa. Asiyerefuka hata kidogo mwaka mzima anapelekwa kwa daktari. Siku za mazoezi ya kukabana, wanagawanywa kwa ukubwa wa miili. Na hakuna anayetumwa nyumbani kula.

Lakini mimi nakumbuka zaidi siku ile ya Boolcarra. Baada ya mchezo kocha wao alimfuata Baba, jasho linamtoka.

"Garth, sema kweli. Yule mrefu mmemtoa wapi?"

Baba akatanua kifua mpaka vifungo vya koti vikalia. "Yule? Nimemzaa mwenyewe."

Mama alikuwa nyuma yake na sinia la machungwa.

"Mwenyewe?" akasema. "Basi mtoto mwingine umzae wewe. Mimi nitakuja kupiga honi."