Pembe za Mzee Laroussi

Kila msimu wa zeituni, Mzee Laroussi huvaa pembe ndogo za kondoo vidoleni, hupanda ngazi, na huchana matawi kama mama anayechana nywele za binti yake. Zeituni huanguka kwenye nyavu. Chini, wanawake huziokota huku wakiwasengenya majirani. Hivyo ndivyo tunavyovuna sisi wa viunga vya mji wa Sfax. Anayevaa pembe hizo ndiye kiongozi wa wavunaji wote.

Lakini mwaka huu kiongozi wetu hakukaa juu. Alipanda, akashuka. Alikwenda nyuma ya ua wa mipungate yenye miiba, akasimama huko muda mrefu kama mtu anayesubiri pasipoti. Akarudi. Kabla hajamaliza tawi moja, akashuka tena.

"Baba mkwe!" aliita Nejib, mume wa binti yake, kutoka ngazi ya pili. "Hiyo mipungate utainywesha mpaka izae matikiti!"

Wanawake walicheka. Laroussi hakucheka.

"Nipe mimi hizo pembe, upumzike," Nejib akasema, sasa kwa upole.

"Pembe hizi alinivisha baba yangu. Utanivua siku ya kuniosha maiti."

Sisi tuna dawa moja ya magonjwa yote: mafuta ya zeituni. Sikio likiuma, mafuta. Mtoto akikohoa, mafuta. Binti akikosa mchumba, mafuta pia, ingawa sijui yanapakwa wapi. Laroussi aliamua kwamba bomba lake limekaza, na bomba lililokaza hulainishwa. Akawa anakunywa glasi nzima ya mafuta kila asubuhi. Maji akayaacha. Safari za nyuma ya mipungate zikaongezeka, na sababu zikawa mbili.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alikwenda huko asirudi. Mkewe, Mbarka, alimkuta amejikunja, jasho linamtoka. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama jiwe.

"Haitoki, Mbarka. Hata tone."

Mbarka alimwita Dalenda, jirani yao, muuguzi wa wodi ya magonjwa ya mkojo, aliyekuja kuokota zeituni siku yake ya mapumziko. Dalenda alimgusa mzee tumbo mara moja tu.

"Nejib, washa gari! Mkojo ukigoma kabisa, ni hospitali sasa hivi. Na mtu asimpe kitu cha kunywa!"

"Hata mafuta?" Laroussi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hasa mafuta, ami!"

Hospitalini walimpitishia mpira mwembamba hadi kwenye kibofu. Mkojo ulipotoka, Laroussi aliwaombea dua daktari, wauguzi, na kiwanda kilichotengeneza ule mpira.

Alipimwa damu, mkojo na ultrasaundi. Akapewa vidonge. Lakini kila mpira ulipotolewa, mkojo uligoma tena. Ndipo daktari akasema tiba nyingine inahitajika, na Dalenda akakaa na Laroussi na Mbarka kuwaeleza. Alichukua mrija wa juisi, akaubana kwa zeituni mbili nene.

"Mrija huu ni njia ya mkojo. Zeituni ni tezi dume. Kila mwanamume anayo, chini ya kibofu. Umri ukisogea, hukua na kubana njia. Vipimo havijaonyesha saratani. Na mafuta yako, ami, yanakwenda tumboni. Huku hayafiki."

"Basi nitapasuliwa?"

"Wapo wanaohitaji upasuaji. Wewe si lazima. Daktari atapitisha kifaa chembamba kwenye njia hiyohiyo ya mkojo, bila kukata ngozi. Ataingiza mvuke wa maji moto ndani ya tezi, na nyama iliyozidi itasinyaa polepole. Wengine huwekewa vishikizo vidogo vya kuvuta tezi pembeni, kama pazia. Wengine huzibwa mishipa inayoilisha tezi damu. Daktari ameangalia ukubwa na umbo la tezi yako, anaona mvuke utakufaa."

Laroussi alikohoa. "Na... mambo ya mume na mke?"

Mbarka akaanza kuangalia dari kwa makini sana.

"Kwa njia hii, wengi hawapotezi kitu."

"Mwambie daktari mvuke," akasema Mbarka.

Laroussi alitiwa ganzi, akatibiwa, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa siku kadhaa alibaki na mpira. Ulipotolewa, mkojo ulitoka, ila ulichoma na ulikuwa na damu kidogo.

"Mbona sijapona?" akalalamika.

"Mvuke si muujiza, ami. Ni wiki kadhaa, pengine miezi. Ila ukiona damu nyingi, homa, au mkojo umekwama, njoo mbio."

Laroussi alikaza roho. Alikunywa maji kama alivyoelekezwa. Aliacha kahawa ya jioni. Ngazi hakuigusa mpaka daktari aliporuhusu. Pembe alizitundika juu ya kitanda, akawa anaziangalia kila akiamka.

Mwisho wa msimu, mti mmoja tu ulikuwa bado una zeituni: ule uliopandwa na baba yake. Nejib alikataza mtu yeyote kuugusa.

Laroussi alivaa pembe, akapanda. Akachana tawi la kwanza, la pili, upande mzima. Hakushuka. Chini, wanawake waliacha kusengenya, wakawa wanamtazama. Mbarka aliita chakula. Hakushuka.

Nejib, aliyekunywa chai nyingi asubuhi, ndiye aliyeteremka na kukimbilia nyuma ya mipungate.

"Mkwe wangu!" sauti ikatoka juu ya mti. "Matikiti yakiiva, usinisahau!"