Uso wa Kisogoni

Simu ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka pembeni, betri haifiki adhuhuri, lakini msusi aliisifia kila mteja aliyekalia kiti chake. Ilikuwa na ufundi mmoja ambao simu za siku hizi wala hazijigambi nao: ukiiweka kwenye mpangilio wa tabasamu, huchora kimraba cha njano usoni mwa mtu, ikangoja atabasamu, kisha ikapiga picha yenyewe. Kwa mtu anayeshinda na mafuta vidoleni, hiyo ilikuwa neema tupu.

Asubuhi ile alimaliza kumsuka binti yake, msichana wa miaka kumi na saba aliyemwita Kipusa, mtoto wake wa pekee. Akaegemeza simu kwenye chupa ya shampuu rafuni, akamgeuza binti aipe mgongo, maana picha za nyuma ndizo walizobandika ukutani ili wateja wachague misuko. Mpangilio wa tabasamu akasahau kuuondoa.

Kimraba kikatangatanga ukutani, kikashuka, kikatua kisogoni mwa Kipusa. Kikatulia hapohapo.

"Mama, tayari?"

"Bado. Inangoja mtu acheke."

"Acheke nani? Si nimeipa kisogo?"

Kacha! Picha ikapigwa.

Kipusa alicheka hadi akashika mbavu, akasema simu nayo imezeeka, inaona mambo. Mama mtu alijilazimisha kucheka. Picha ilitoka safi, isipokuwa chini kidogo ya utosi, katikati ya mistari ya msuko, palikuwa na weupe uliojipanga vizuri mno. Akasema moyoni ni mwanga wa dirisha, ingawa dirisha lilikuwa upande wa pili.

Kesho yake saluni iliamkia harufu ya nywele zilizoungua, na hakuna aliyewasha pasi. Msusi akamkalisha binti ampake mafuta kwenye mistari. Kidole cha shahada kikapita juu, kikashuka, kikazama mahali pasipo na haki ya kuwa na shimo, penye joto na unyevu. Kisha pakajifunga. Alivuta mkono akipiga ukelele, na nyama ya ncha ya kidole ikabaki hukohuko.

"Mama, mbona unanitekenya?" Kipusa akauliza bila kugeuka.

Msusi alifunga kidole kwa kitambaa, akajidanganya kuwa amejikata kwa wembe. Uongo huo anaujutia mpaka leo, kwa sababu saa nne aliingia mwalimu wa chekechea, mteja wa kila mwezi, naye akamkaribisha akae.

Mwalimu alikuwa anasimulia vituko vya watoto wa darasa lake, rasta zimebaki kuchovywa ncha tu zisifumuke, maji ya kuchovyea yanatokota kwenye jagi la umeme, pale Kipusa alipoangusha ufagio. Mikono yake ikapinda kuelekea mgongoni, viwiko vikalia kama kuni kavu, akaanza kutembea kinyumenyume, hatua za haraka zisizokosea njia, akapita kati ya viti bila kugusa hata kimoja, akalinyakua jagi kwa vidole vilivyogeuka na kummwagia mwalimu maji yote mapajani, na mwalimu alipoanguka akipiga mayowe akainua stuli akampiga nayo begani, tena na tena, mpaka mfupa ukasikika ukivunjika, na muda wote huo uso wake wa mbele ulikuwa unalia machozi, "Mama nishike, siyo mimi, nishike!" huku nyuma, chini ya rasta, kitu kikicheka kwa pumzi fupifupi.

Fundi viatu wa mlango wa pili na wenzake wawili ndio waliomfunga kamba. Mmoja alitoka na shavu limeraruliwa. Mwalimu akabebwa kupelekwa hospitali, yu hai, na msusi akabaki na mwanawe na mganga aliyeitwa mbiombio, mama mnene asiyependa maneno mengi.

Mganga aliiona picha, akaifunika kwa kiganja.

"Jini hili halikuwa na uso," akanong'ona. "Simu yako ndiyo iliyolipa uso. Sasa linataka uso huo ukae mbele. Sikiliza."

Shingo ya Kipusa ililia. Kha. Kidevu kilikuwa kimekaribia bega, na kilizidi kusogea.

"Litoe, mama yangu, nakuomba, litoe!" msusi akamsihi mganga.

"Halitoki bure. Linahamia uso mwingine." Mganga akamtoa kuku kikapuni, akamwelekezea simu. Kimraba hakikutokea. Akamgeuza huku na huko, kuku akapiga kelele, simu ikakaa kimya. Mganga akasonya. "Haimtambui. Inataka binadamu, na atakayelipokea atakaa nalo maisha yake yote."

Kha. Kidevu kikavuka bega. Kipusa hakuweza tena kulia, alikoroma tu.

Msusi aliogopa. Hata hivyo aliburura kiti mpaka mbele ya mganga aliyeshika simu, akakaa akiipa mgongo, akafumba macho. Alisikia kamba zikilegea, alisikia mwanawe akivuta pumzi ndefu, kisha ubaridi ukampanda kisogoni na ngozi ikafunguka polepole kama mshono.

Kacha.

"Ivunje," akasema. Mganga akaisaga simu kwa jiwe hadi ikawa unga.

Kipusa alipona, shingo ikabaki imeinama upande kidogo. Msusi akafunga saluni, akawa anajifunga kitambaa kizito kichwani na kukaa mgongo ukutani. Alimkataza mwanawe kumpitia nyuma, na jana alimwambia ahamie kwa shangazi yake.

"Unanifukuza, Mama? Baada ya yote?"

"Nenda tu, mwanangu. Leo hii."

Msichana akafunga mzigo akilia. Msusi akainama kumfungia zipu ya begi, ukuta ukiwa mbali naye kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Kipusa, kwa uchungu wa kuachana, akamkumbatia kwa nyuma, shavu limelala juu ya kitambaa.

Msusi alitaka kumpigia kelele binti akimbie. Mdomo wake haukufunguka. Viwiko vyake vikaanza kupinda, na sauti yake, tamu na ya upole, ikatokea chini ya kitambaa:

"Nibane zaidi, mwanangu."