Mboga Iliyomwita Moreto

Saa saba mchana Yuditha alimtengea mama mkwe wake ugali na mboga ya mnavu. Mama Ruthi alikula peke yake, maana kwao mkubwa hula kwanza. Walikuwa wafugaji, wamehamia karibu na Kabuku mwaka ule tu. Mambo ya mboga za porini Yuditha alikuwa bado anajifunza kwa majirani.

Haukupita muda mrefu, Mama Ruthi akatazama mlangoni, akatabasamu.

"Karibu, Moreto," alisema. "Mbona una vumbi hivyo?"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Moreto alikuwa kaka yake, na walimzika miaka tisa iliyopita. Mama Ruthi akasogea kwenye benchi, akampisha mgeni wake akae. Kisha akaanza kuokota nyuzi hewani, nyuzi ambazo hazikuwapo. Mboni zake zilikuwa zimepanuka, macho yote yakaonekana meusi. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto.

"Anasema twende wote," alisema kwa upole. "Nitafutie viatu."

Yuditha alitoka mbio kumwita Rukaya, mhudumu wa afya wa kitongoji. Rukaya alimtazama mgonjwa machoni, kisha akaomba kuona sufuria.

"Mama Leboo," alimwuliza Yuditha, "majani haya ulichuma wapi?"

"Kwenye zizi la zamani, penye samadi. Si mnavu?"

"Mengine ni mnavu. Haya ni tarumbeta. Vitabuni huitwa mnanaha. Ni sumu."

"Tarumbeta naijua, dada. Ina ua refu jeupe."

"Ndiyo, jina lilitokana na hilo ua. Kifauongo kiliitwa hivyo kwa kuwa ukikigusa kinajikunja kama kimekufa. Mwarobaini, watu walisema unatibu maradhi arobaini. Jina linakuambia watu waliona nini. Huu mche wako haujatoa ua, ungeujuaje? Usichume jani ambalo huna hakika nalo. Sasa twende zahanati, na haya majani tuyabebe wayaone."

Kwenye bodaboda Yuditha alimshikilia mama mkwe wake kwa nguvu. Mama Ruthi aliongea njia nzima na mtu aliye nyuma yao. Yuditha hakuthubutu kugeuka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mpishi alikuwa yeye.

Mama Ruthi alilazwa siku mbili. Ya tatu alimtambua mkwewe, akaomba uji.

Rukaya alileta mbegu za mnavu, Yuditha akazipanda kwenye tuta nyuma ya jiko. Kule zizini waling'oa kila mche wa tarumbeta, wakanawa mikono kwa sabuni. Leboo, mtoto wa Yuditha, akauliza mmea ule unaitwaje.

Bibi yake ndiye aliyejibu, ameegemea fimbo.

"Mwitawafu," alisema. "Ulimwita Moreto akaja, nikamwona vizuri."

Jina hilo limeshika. Watoto wa pale huutambua mwitawafu ungali mche mdogo, na hakuna anayeugusa.