Aliyerudi Kutoka Natron

Pale Kikopey, kwenye kibanda cha nyama choma cha Ephantus, Kipyegon aliivuta sahani ya chumvi, akaimimina yote kiganjani na kuilamba polepole mpaka ikaisha. Nyama hakuigusa.

Tabby na Gathogo walitazamana. Watatu hao walikuwa marafiki tangu chuo, na sasa walikuwa wanarudi Nakuru kutoka Tanzania baada ya siku kumi na mbili barabarani, kwa gari la Probox la mjomba wake Gathogo. Walilala kwa mahema, walikula mkate na avokado, walipita Arusha na Mto wa Mbu, na mwisho wakafika Ziwa Natron. Kwa wote watatu ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya Kenya.

"Boss, leo utakunywa maji mob," Gathogo alisema, akijaribu kucheka.

Kipyegon alitabasamu tu. Tangu Natron, jana yake, hakuwa amesema maneno matano.

Ephantus alikuwa akikatakata mbavu za mbuzi kwenye ubao. Kisu kilisimama. Tabby alipoenda kunawa mikono, mzee yule alimfuata hadi kwenye mfereji na kusimama karibu naye, aproni yake ikinuka moshi na mafuta.

"Huyo kijana mmetoka naye wapi?"

"Natron, mzee."

"Aliachwa peke yake huko? Mchana?"

"Hapana," Tabby akasema. Alisema haraka mno, na yeye mwenyewe alilisikia hilo.

Ephantus hakumbishia. "Nimeendesha lori la magadi miaka kumi na tisa, upande huu na upande ule. Andika namba yangu. Najua hutaki, lakini andika."

Aliandika.

Ukweli ni kwamba walikuwa wamemwacha. Safari nzima Kipyegon alikuwa akiwachelewesha na kamera yake, na siku hiyo saa sita kasoro alishuka garini akatembea mbali kwenye ule ukoko mweupe wa magadi kuwapiga picha flamingo. Walimwita, akapunga mkono na kuendelea. Gathogo akawasha gari. "Tumwache kidogo ajue maana ya kungojwa," alisema. Tabby akacheka na kujibu, "Dakika kumi tu." Walikwenda nyuma ya kilima. Huko gurudumu likapasuka kwenye mawe ya volkano, jeki ikazama mchangani, na dakika kumi zikawa saa mbili. Waliporudi walipiga kelele wakimwita jina mpaka sauti zikakauka. Hatimaye alitokea upande wa maji, akitembea taratibu, viatu vyeupe hadi vifundoni, uso hauna hata tone la jasho. Waliomba msamaha. Alitabasamu, akaingia, akafunga mlango. Wakakubaliana wawili hao kwamba hayo yasifike nyumbani.

Nyumbani kwao Kipyegon ni Lanet, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Mama yake, Jepkosgei, ni mjane wa mwanajeshi. Ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na duka dogo la maziwa mbele, na mtoto wake ni huyo mmoja. Siku ya kwanza alifurahi kumwona. Siku ya pili aliona kwamba maziwa yaliyowekwa jikoni yanaganda kabla ya saa sita. Siku ya tatu ng'ombe walikataa kukamuliwa kila alipopita Kipyegon karibu na boma. Halafu ikaja harufu, ya jivu lililomwagiwa maji na yai lililooza, ambayo aliisugua kwa sabuni sakafuni na kutani na bado ikabaki kwenye mashuka.

Alimpigia Tabby simu wiki iliyofuata, siku ya Jumanne.

"Tabby, ulipita kwangu leo?"

"La, Mama Kip. Niko kazini, town."

"Nimesikia sauti yako chumbani kwa Kip. Saa sita hivi. Nilidhani umekuja kumsalimia, nikatengeneza chai."

"Nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unacheka," Jepkosgei akasema. "Halafu ukasema, dakika kumi tu."

Tabby alikaa chini palepale, kwenye ngazi za jengo, watu wakimpita. Maneno hayo aliyasema ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na Kipyegon akiwa mbali hata kofia yake haionekani vizuri.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akafika Lanet saa tano na nusu. Jepkosgei alimkaribisha kwa sauti ya chini, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Alikuwa amekonda. Mchungaji alikuwa amekuja mara mbili, alieleza, na mara zote mbili kijana alipiga magoti na kusema amina mahali panapofaa.

"Yuko wapi?"

"Nje. Huwa anakaa hapo."

Kipyegon alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, juani, kichwa wazi, uso umeelekea kusini. Hakuwa akipepesa macho. Saa sita ilipofika aliinuka bila kutazama saa, akawapita sebuleni, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Kwenye vigae alipopita palibaki alama za nyayo, nyeupe, za ungaunga.

"Sasa sikiza," Jepkosgei alinong'ona, akamshika Tabby mkono.

Mwanzoni ilikuwa kama mtu anatembea kwenye maji ya kina kifupi, hatua moja, hatua nyingine. Halafu hatua zikawa nyingi, mamia, maelfu ya miguu myembamba ikikanyaga maji ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, na juu yake mabawa, na ndani ya mabawa hayo sauti ya Gathogo ikasema tumwache kidogo, ikafuata sauti ya Tabby ikicheka kicheko ambacho yeye mwenyewe alikikumbuka kooni, na gari likawashwa, likaenda, mlio wake ukififia ukutani kama linaondoka kweli, na baada ya hapo, kwa muda mrefu ambao hakuna kati ya wale wanawake wawili aliyeweza kusogea, kikaja kilio cha kijana mmoja aliye mbali sana, aliyekauka koo, akiita majina yao, Gathogo, Tabby, Gathogo, Tabby, mpaka akaanza kumwita mama.

"Huyo ndiye Kip wangu," Jepkosgei akasema. "Huyu aliye ndani ya chumba simjui. Niambie mlifanya nini."

Tabby alimwambia. Alimwambia akiwa amesimama, macho kwenye vigae, na hakupunguza kitu kuhusu gari wala kilima. Jepkosgei alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlimwachia maji?"

"Chupa yake ilikuwa kwa gari."

Mama yule aliangalia mikono yake. Hakupiga, hakulia. "Nani anajua mahali penyewe?" aliuliza.

Jioni hiyo Tabby aliitafuta namba ya Ephantus. Mzee hakushangaa kupigiwa. Alisema wao madereva walikuwa na jina la kitu hicho. Watu wa Pwani wangesema jini. Wao walikuwa wanamwita mwenyeji. Anakaa kwenye magadi, na mtu akiachwa huko jua likiwa utosini, akakata tamaa, mwenyeji humtoa kwenye mwili wake na kuuvaa kama koti.

"Na mwenye mwili?"

"Anabaki huko. Anangoja." Mzee alikohoa. "Mwenzetu mmoja tulirudi naye hivyo. Tulijua, tukanyamaza, kila mtu aliogopa kazi yake. Aliishi kwake miaka kumi na moja, analamba chumvi, watoto wanamkimbia. Mmemzika nani, mke wake aliniuliza siku ya mazishi. Mrudisheni huko; mimi nitakuja na nyinyi."

Waliondoka Ijumaa alfajiri, watu watano kwa ile Probox. Gathogo aliendesha. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Jepkosgei, naye akamwambia ainuke, waende, mengine baadaye. Kipyegon alikaa nyuma katikati ya mama yake na Tabby, mtulivu, baridi ya mwili wake ikipenya nguo zao. Namanga, mpakani, afisa wa uhamiaji aliifungua pasipoti, akatazama picha, akatazama uso, akarudia tena. Alimuuliza jina. Kipyegon alilitaja, na lilitoka kwa sauti ya afisa yule mwenyewe. Afisa aligonga muhuri bila kuangalia anapogonga na kuisukuma pasipoti chini ya kioo kwa ncha ya kalamu.

Usiku huo walilala Longido, wakimlinda kwa zamu. Kesho yake, saa sita kasoro, walikuwa kwenye ukoko mweupe wa Natron. Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa mekundu, na flamingo walisimama mbali, wote wamegeuza migongo.

Ephantus aliwapanga, Kipyegon akaachwa garini. Gathogo na Tabby wasimame wakiangalia ziwa, waseme kwa sauti walichofanya, kila mtu lake. Jepkosgei amwite mwanawe. "Usimwite kwa lile la pasipoti," mzee alisema. "Hilo mwenyeji ameshalizoea. Mwite kwa lile ulilompa mwenyewe." Na yeyote asigeuke nyuma kutazama gari.

Gathogo alisema kwanza, akilia. Tabby akafuata. Alisema kwamba alicheka, kwamba alisema dakika kumi, kwamba chupa ilikuwa miguuni pake na aliiona, na akaishia hapo. Kisha Jepkosgei akavua viatu, akasogea hatua chache mbele na kuita jina alilompa mwanawe siku ya kuzaliwa, ambalo hakuna mwingine pale aliyewahi kulisikia.

Nyuma yao, garini, sauti zilianza. Ya kwanza ilikuwa ya Kipyegon, ya upole, ikisema mum, hapa kuna joto, turudi nyumbani, na Jepkosgei akaita tena. Ikaja ya mumewe aliyekufa, ikimwuliza kwa Kikalenjin mbona anampigia kelele mtoto, na akaita tena. Ikaja sauti yake mwenyewe, ikiita jina lilelile, kwa uchungu uleule, kutoka nyuma, hivi kwamba majina mawili yakawa yanapishana juu ya vichwa vyao na Tabby hakujua tena mama yupi yuko mbele na yupi yuko nyuma, harufu ya jivu bichi ikamjaa puani, mlango wa gari ukafunguka, nyayo zikaja zikivunja ukoko, kra, kra, zikasimama karibu na kisogo chake hata akahisi ubaridi shingoni, na Ephantus akasema polepole, usigeuke binti, usigeuke, na Jepkosgei akaita kwa mara ya mwisho kwa sauti iliyokatika katikati, na flamingo wote wakaruka kwa pamoja.

Kitu kikaanguka.

Walipogeuka, Kipyegon alikuwa amelala kifudifudi, maji meupe yakimtoka puani. Alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni. Neno lake la kwanza lilikuwa maji. Alikunywa lita mbili bila kupumzika, na huku anakunywa midomo ilimpasuka, na ngozi ya uso na shingo ikaanza kutoka malengelenge mbele ya macho yao, kana kwamba jua la siku zote zile lilikuwa limewekwa mahali likimngoja arudi.

Alikaa hospitalini wiki tatu. Jicho la kushoto halikupona. Ephantus alirudi Kikopey na hakutaka kushukuriwa. Gathogo alikuwa akienda Lanet kila Jumapili kukata nyasi za ng'ombe, na siku moja Jepkosgei akamwita ndani ale na wao. Kipyegon mwenyewe alimsogezea kiti.

Tabby alienda mwezi uliofuata, mchana, amebeba machungwa. Kipyegon alikuwa amekaa sebuleni, mapazia yamefungwa, kitambaa kwenye jicho. Walisalimiana. Kipyegon aliulizia kazi ya Tabby. Jepkosgei alikuwa jikoni, vikombe vikigongana.

"Nilikuwa nimesimama hapo karibu," Kipyegon alisema bila kubadilisha sauti. "Mliporudi na gari. Niliuona mwili wangu ukiingia. Nilikuwa nawapigia kelele. Gathogo hakuniona, alikuwa anaangalia barabara."

Tabby aliendelea kushika mfuko wa machungwa.

"Wewe uligeuza kichwa. Ukaniangalia usoni. Halafu ukaangalia yule aliyekaa kwa kiti, ukaniangalia tena, ukapandisha kioo."

Tabby alikuwa ameona. Kwa muda wa pumzi mbili aliona mtu mmoja mahali pawili, na akajiambia ni joto, ni macho, na kwamba kama si joto basi hataki kujua, na gari lilikuwa tayari linatembea. Kule ziwani, mbele ya mama yake Kip, alisema yote isipokuwa hilo.

"Kip," akasema.

Jepkosgei aliingia na sinia, vikombe vitatu vya chai. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mum," Kipyegon akasema, "Tabby hakai. Anaenda."

Jepkosgei alisimama na sinia mkononi. Aliiweka mezani, akatoa kikombe kimoja, akakirudisha jikoni.