Mikono Nyuma

Mwanamke ambaye hakuna aliyemjua katika jengo lile la maduka aliingia kwa fundi cherehani wakati wateja wamejaa, akasogeza vitambaa, akaketi bila kukaribishwa. Alivaa gauni la kijani na raba nyeupe. Fundi alidhani amekuja kupimwa nguo. Akajinyoosha kuchukua utepe, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya stuli, umekakamaa kama ubao.

Mgeni akaeleza kwamba yeye ni mtaalamu wa saikolojia kutoka hospitali iliyombadilishia fundi goti. Kazi yake ni kuwasaidia wagonjwa ambao kidonda kimepona lakini mguu unakataa kukunjwa. Ameombwa aje.

“Na nani?”

Mgeni akatupa jicho ng’ambo ya korido, kwa kinyozi. Kinyozi, katika shati lake la buluu lililopigwa pasi vizuri, alikuwa amesimama na mashine inanguruma hewani, mteja wake amenyolewa upande mmoja.

Fundi na kinyozi, wajane wote wawili, walikuwa wachumba, na jengo zima lilijua. Tangu fundi atoke hospitali, kinyozi alikuwa amemfungia mota kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akimbeba ngazini hadi chumba alichoishi fundi juu ya duka, na goti likitetemeka kidogo tu, mikono yake imeshafika. Daktari alikuwa ameonya kwamba goti lisipokunjwa sasa litaganda hivyo hivyo, na fundi hatakanyaga tena cherehani wala kupanda ngazi kwa miguu yake.

“Kwa hiyo mimi nimekuwa kichaa,” fundi akasema, wateja wote wakisikia.

“Mpenzi, sikusema hivyo,” kinyozi akasema, akivuka korido.

“Usiniite mpenzi. Mguu umeshauachisha kazi, sasa umekuja kuchukua na kichwa.”

Alimwambia mengine makali zaidi, hadi kinyozi akarudi dukani kwake na kufunga mlango. Mgeni hakuondoka. Alisubiri wateja wapungue, kisha akamuuliza fundi huona nini goti linapoanza kukunjika.

Fundi akapapasa goti lake. “Naona mshono unaachia,” akasema. “Nimeshona maisha yangu yote. Najua kitambaa kikivutwa kupita kiasi kinafanya nini.”

“Mshono wako ulishafunga, mama. Kinachovutika ni nyama iliyozoea kulala.”

Tangu siku hiyo yeye na mgeni wakawa wanakutana kila wiki, na kwa kuwa hakutaka tena kubebwa, alilala dukani. Fundi alijifunza kupumua taratibu, kuisema hofu kwa sauti, na kukunja mguu kidogo huku hofu ikiwapo. Hasira haikuisha. Ilianza tu kufanya kazi. Mota ikatolewa. Kisha akampigia kinyozi simu ya kwanza tangu wagombane.

“Kesho asubuhi napanda ngazi. Utakuja nyuma yangu, na hunigusi mpaka niseme.”

“Na ukianguka?”

“Nitakuwa nimeanguka mimi. Niahidi.”

Kinyozi akaahidi kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

Asubuhi fundi alivaa gauni jekundu alilojishonea mwenyewe, akashika reli, akaanza. Katikati ya ngazi goti likamsaliti. Alikaa kwa kishindo, akatoa kilio kilichotoa watu madukani.

Kinyozi alifunga mikono nyuma.

Wakamvamia kwa maneno. Muuza viatu akamwita gogo. Mwingine akamvuta kola hadi kifungo kikaruka, akamuuliza kama mama yake alimlea hivyo. Waliotaka kumwinua, fundi aliwafukuza kwa mkono. Kinyozi alibaki palepale. Machozi yalimchuruzika mbele ya wateja wake mwenyewe.

Fundi alitukana goti, ngazi, hospitali, na yule mwanamume aliyesimama nyuma yake. Kisha, kwa hasira ile ile, akaukunja mguu chini yake kuliko alivyowahi kuukunja, akaisukuma reli, akasimama. Akapanda. Alipofika juu alikuwa amelowa jasho.

Muuza viatu, aliyekuwa amewafuata, akamshauri amwache mwanamume wa namna ile.

“Huyu?” fundi akasema, akihema. “Huyu ananioa mwezi ujao, kama bado ananitaka.”

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa hatua moja tu chini yake, kucha zimemchimba viganja, mikono bado nyuma, kwa sababu hakuwa ameambiwa.