Mbio Zianze Alfajiri

Mwanatumu alikuwa mwepesi wa hasira, na mtaa mzima wa Shela, Malindi, ulilijua hilo. Kila asubuhi alikaanga mahamri na kuyauza mlangoni pake. Mteja akibonyezabonyeza hamri kisha asilinunue, alipewa maneno yake akaenda nayo.

Mumewe, Gharib, alizamia pweza na kamba. Jioni aliwachuuza mitaani kwa baiskeli. Kwa hiyo mwaka ule wa 1986, hoteli moja ilipotangaza mashindano ya aina tatu kwa mpigo, watu walimtazama yeye. Kwanza ni kuogelea mita mia saba na hamsini. Kisha kuendesha baiskeli kilomita ishirini. Mwisho kukimbia kilomita tano. Mshindi angepewa mashine mpya ya boti. Mashindano yangefanyika mwezi wa Machi mwaka uliofuata, saa tano mchana.

"Nitamfundisha mimi," alisema Abdulhalim, kaka yake Gharib, aliyekuwa mchezaji wa mpira zamani. "Mbio ni za mchana, basi na mazoezi ni ya mchana. Na marufuku maji! Ukinywa maji mbioni, miguu hulegea. Mwanamume hujikaza."

Ilikuwa Desemba, joto la kaskazi limeanza. Gharib alijikaza siku sita.

Siku ya saba, Mwanatumu alimwona mumewe akirudi mbioni huku akiyumba kama mlevi. Abdulhalim alikuwa nyuma yake kwa baiskeli, akipiga kelele, "Kaza! Kaza!"

Gharib alisimama mbele ya mkewe akamkodolea macho. "Mama," alimwita. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Kisha akaanguka.

Mwanatumu alimgusa. Ngozi ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Ni pepo huyu," alisema Abdulhalim. "Leteni blanketi. Leteni ubani."

"Blanketi la nini?" Sauti ilitoka nyumba ya pili. Alikuwa Sista Hannah, muuguzi wa zahanati, bado amevaa sare yake. "Mwili unachemka, nanyi mwataka kuufunika? Mtieni kivulini! Mvueni shati!"

Walimburuta hadi ukutani penye kivuli. Hannah alilowesha kanga akamfunika kifuani. Akaagiza ndoo za maji, akammwagia mwili mzima bila kupumzika. Jirani mmoja alipepea kwa ungo.

Mwanatumu alichota maji kwa kikombe ayatie mdomoni mwa mumewe. Hannah alimshika mkono.

"Usimnyweshe. Fahamu zimempotea. Maji yataingia mapafuni. Mlazeni ubavu, na atafutwe mwenye gari sasa hivi. Njiani tutaendelea kummwagia."

Gharib alilala hospitali siku nne. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangemzika.

Siku aliyorudi nyumbani, Abdulhalim alikuja kumjulia hali. Mwanatumu hakumkaribisha kiti.

"Ulimnyima nduguyo maji!" alifoka. "Hata kuku siku ya kuchinjwa hunyweshwa maji! Nduguyo ulimnyima!"

"Shemeji, sisi tulicheza mpira miaka kumi bila maji."

Sista Hannah alikuwa amekaa mkekani. "Na hakuna aliyeanguka?" aliuliza.

Abdulhalim alitazama vidole vyake. "Alikuwapo Zein," alisema mwishowe. "Winga wetu. Alianza kusema ovyo uwanjani. Tulimfunika mablanketi, tukamfukizia ubani."

Hakuna aliyeuliza Zein aliishiaje. Uso wa Abdulhalim ulitosha.

Hannah hakumcheka. Alieleza polepole, kama aelezavyo kina mama kliniki.

"Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho ni maji na chumvi. Usipoyarudisha, jasho hupungua na joto hupanda hadi kichwani. Kichwa kikiuma, ukiona kizunguzungu au kichefuchefu, simama. Kaa kivulini, unywe maji. Lakini mtu akichanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kufa. Mpoze hapo hapo kwa maji mengi, huku mwatafuta gari."

"Basi asikimbie tena?" aliuliza Abdulhalim.

"Apumzike mpaka daktari amruhusu. Kisha aanze na dakika chache, asubuhi. Akizoea, aongeze kidogo kidogo. Mwili huhitaji kama wiki mbili kulizoea joto. Na anywe kila akisikia kiu. Akitoka jasho jingi, mchanganyieni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kilima."

"Na saa tano mchana?" aliuliza Mwanatumu. "Jua la utosini, mwezi wa Machi?"

Hannah alitikisa kichwa. "Hiyo ni saa mbaya kwa kila mtu."

"Basi twende tukawaambie!"

Kesho yake walikwenda dukani kwa Bwana Lakhamshi, aliyekuwa katibu wa kamati ya mashindano. Aliwasikiliza huku akipima mchele.

"Saa haibadiliki, Bibi," alisema. "Wageni wa hoteli hawaamki alfajiri. Watatazama nini?"

"Watatazama maiti!" Mwanatumu alipiga meza mpaka mizani ikaruka. "Mume wangu alianguka mazoezini, mtu mmoja tu. Nyinyi mwataka kuangusha watu wote arubaini walioandikishwa! Kama wageni wanapenda saa tano, wavueni viatu wakimbie wao!"

Wateja waliacha kununua. Hannah aliweka kauntani karatasi aliyoiandika: mbio zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, meza za maji kila kilomita mbili, kivuli, ndoo na gari viwe tayari.

Lakhamshi aliisoma mara mbili. Kisha akafuta jasho lake mwenyewe. "Meza za maji nitatoa mimi," alisema. "Saa nitaipigania kwenye kamati."

Aliipigania, akashinda.

Daktari alimpima Gharib katikati ya Januari, akamruhusu. Alianza upya, kwa dakika kumi. Abdulhalim alimfuata kwa baiskeli, na sasa alibeba chupa mbili za maji.

Siku ya mashindano, jua lilipanda kali hata asubuhi ile. Gharib aliogelea vizuri, akaendesha baiskeli kwa mpango, akanywa maji kwenye kila meza. Alipohisi kichwa kizito, alipunguza mwendo akajimwagia maji. Alimaliza wa nne. Mashine ya boti ilikwenda kwa mwingine.

"Wa nne!" alifoka Mwanatumu, huku akimpapasa paji la uso kuona kama lina moto. Halikuwa na moto.

Abdulhalim hakuwapo mwisho wa mbio. Alikuwa meza ya mwisho ya maji. Hapo kijana mmoja wa Ganze, Masha, alifika akiyumba, macho hayaoni. Meza hakuiona, akaipita.

"Simama!" Abdulhalim alimkamata kiunoni.

"Niache! Nimalize!"

"Humalizi leo."

Alimtia kivulini kwa nguvu, akamvua fulana, akammwagia ndoo baada ya ndoo, akaita gari. Hakumwacha mpaka gari lilipofika.

Jioni alikwenda kumtazama hospitali. Masha alikuwa ameketi kitandani, akinywa maji. Alipomwona, alimtukana tangu mlangoni: mwizi wa ushindi wake, adui yake, mtu asiye na haya.

Abdulhalim alivuta kiti akaketi.

"Tukana, ndugu yangu," alisema. "Tukana mpaka uchoke. Maiti hatukani."